Kilio cha Mama Juu ya Ukuta

Kosa la kwanza nililifanya kabla sijatia mguu ndani ya mji. Basi lilitushusha nje ya lango, saa tisa alasiri, katikati ya Julai, jua kali mpaka dereva mwenyewe alikuwa amejifunika taulo shingoni. Dada yangu alikuwa amesimama kwenye kivuli chembamba cha ukuta, kitambaa cheusi kichwani. Nilikuwa sijamwona kwa miaka sita. Nikaangusha mkoba, nikapiga vigelegele mpaka wazee wawili waliokuwa wakinywa kahawa karibu na lango wakageuza viti vyao. Dada yangu aliangalia viatu vyake. Kisha akachukua sanduku langu na kusema, "Twende."

Jina la mji silitaji, kwa kuwa bado anaishi pale na hapendi kutajwatajwa. Ni mji mdogo wa kusini mwa Ufaransa, umezungukwa pande zote na ukuta wa mawe wa karne nyingi, na bahari ya Mediterania iko karibu kiasi cha kunusa chumvi bila kuiona. Yaya, maana ndivyo tunavyomwita mkubwa wetu, alikuwa anasafisha vyumba katika hoteli moja humo ndani. Nilipita lango nikiwa nyuma yake, nikatazama juu, na kwa unene wa ule ukuta nikahisi ubaridi kwa hatua kama kumi. Nikasema jambo la kijinga, kwamba hata friji yangu ya Buffalo, kule Amerika, haipoi hivi. Hakucheka.

Alikaa chumba kimoja na jiko, ghorofa ya pili, juu ya duka la aiskrimu. Alifungua mlango, akasimama pembeni, akasema, "Ingia." Hakusema karibu. Kitandani alikuwa amenitandikia shuka jeupe lililonyooshwa pasi, taulo mbili zimekunjwa kona kwa kona, na juu yake kipande kidogo cha sabuni ndani ya karatasi yake. Nilipokelewa kama mgeni wa hoteli. Aliniwekea wali, maharage na samaki, akafunika sahani yangu vizuri, akasimama dirishani.

"Yaya, hauli?"

"Mi nilisha kula ku kazi. Wewe kula."

Siku ya pili ilikuwa hivyohivyo. Alirudi kazini mikono ikinuka dawa ya sakafu, akanipikia, na kusema ameshakula. Mimi si mtu wa kuvumilia. Mume wangu husema nina hasira ya kiberiti, nawaka upesi na kuzimika upesi. Lakini siku hizo mbili nilizunguka vichochoro peke yangu nikiwa nimefura. Niliona watalii wakitembea na kofia pana, maduka ya chumvi iliyotiwa kwenye vifuko vya kitambaa, watoto wakilia kwa joto, madirisha yote yamefungwa mbao kuanzia adhuhuri. Nilijiambia nimevuka bahari nzima kuja kutazama chumvi.

Na kuvuka bahari hakukuwa mchezo. Tuliachana kwenye kambi ya wakimbizi Burundi, mimi na mume wangu na watoto tukapelekwa Louisville, yeye akabaki na mama, kwa sababu majina yao yalikuwa kwenye faili jingine. Kutoka Louisville tulifuata kazi mpaka Columbus, tukakaa Whitehall kwenye majengo ya kupanga ambako kila mlango ulipika kitu kingine. Kutoka Columbus tulifuata shemeji yangu mpaka Buffalo, tukahamia Cheektowaga karibu na uwanja wa ndege, na nikapata kazi kiwandani ya kufunga masanduku. Huko ndiko nilikoapa kuwa raia, mkono juu, theluji ikiyeyuka kwenye viatu. Wiki iliyofuata nikaomba pasipoti. Watoto wangu waliniuliza kwa Kiingereza nataka kwenda wapi na hiyo pasipoti, Disney au wapi. Nikawajibu kwa Kiswahili kwamba naenda kwa yaya wangu. Ilikuwa mwaka 2015, na tangu siku niliyoipokea nililala nayo chini ya mto kama msichana aliyepewa barua. Mpaka leo nikiiona droo nilimoiweka, nasema asante kwa sauti.

Jioni ya siku ya pili, jua bado likiwa juu ya mapaa, nilisukuma sahani.

"Yaya, nimekukosea nini?"

Alikuwa anakunja taulo. Alimaliza ya mkononi kwanza.

"Hatujamulilia mama."

Nilijua. Kwa kweli nilijua tangu pale kituoni, vigelegele vikiwa bado mdomoni. Kwetu watu wawili wa nyumba moja wakikutana mara ya kwanza tangu msiba, hawasalimiani kwa furaha. Wanaketi chini, wanalia kwa sauti, wanamwambia marehemu kwamba wamefika. Baada ya hapo wananawa, wanakula sahani moja, na mtu anakaribishwa. Kabla ya hapo hujafika. Unaweza kuwa umelala ndani, umekula ndani, bado uko njiani. Na mimi niliyeyajua haya tangu utoto nilishuka kwenye basi nikashangilia kama niko harusini. Miaka ya Amerika ilikuwa imenizoesha kukutana na watu meno nje.

"Tena," akaendelea, "wewe ulisema uko na kazi. Mama anakufa, donc, basi wewe uko na kazi."

Hapo ndipo palipokuwa na kidonda. Mama alikufa mwaka wetu wa tatu Louisville. Yaya alinipigia simu saa nane mchana kwa saa za kwetu kule, na mume wangu alikuwa kazini, watoto shuleni. Nilichomwambia yaya mwishoni siku ile ni hivi: "Sawa, yaya. Tutaongea kesho. Niko na kazi." Alimzika mama yeye na majirani wa kambini, akiwa na sentensi hiyo masikioni. Mwaka uliofuata alipata njia ya Ufaransa. Tuliendelea kupigiana simu, tukaulizana afya na hali ya hewa. Hakunitajia tena, na mimi sikumweleza.

"Siku ile, yaya," nikaanza, "kulikuwa na..."

Aliinua mkono, taulo ikining'inia.

"Hapana. Mambo ya mama utamwambia mama. Haiko ya kuniambia mimi ku meza."

 Alikuwa na haki. Maelezo yanayotolewa mezani, macho makavu, yanafanana na udhuru wa mtu aliyechelewa kazini. Lakini niliogopa. Kama nisingelia vizuri, au kama tusingelia kabisa, ningerudi Buffalo nikiwa mgeni wa hoteli wa dada yangu mwenyewe, na sikuwa na dada mwingine.

Swali lilikuwa tulie wapi. Chini ya chumba chake kulikuwa na foleni ya aiskrimu mpaka saa nne. Ukuta wa jirani ulikuwa mwembamba kiasi kwamba tulimsikia akikoroga chai. Kanisani watalii walikuwa wanapiga picha. Pwani, alisema, mtu hapati hata pa kuweka kisigino. Makaburini watu wanatembea na maua wakinong'ona.

"Huku bantu banakufa kimya, na banazikwa kimya," alisema. Kisha, kwa mara ya kwanza, nikaona kwamba alikuwa ameshalifikiria jambo hili siku nyingi kabla sijafika. "Kesho mi niko na repos, siendi ku kazi. Tutapanda ku ukuta. Saa saba ya muchana. Saa ile ba-touristes bote banakimbia jua."

Ukuta ule una njia juu yake, unaweza kuuzunguka mji wote kwa miguu. Kuna mlango wa kuingilia, kuna dirisha la tiketi, na nyuma ya dirisha kulikuwa na mwanamke wa makamo, kofia ya kazi kichwani, redio ya mawasiliano kiunoni. Tulikata tiketi mbili za kwenda kumlilia mama. Alitupa ramani na kutuonya kwa Kifaransa kwamba juu hakuna kivuli, saa hiyo ni mbaya, turudi jioni. Yaya akamjibu kwa adabu kwamba tunajua. Mkononi alikuwa na mfuko wenye vitenge viwili vyeusi na hakuna kitu kingine. Hata maji hatukubeba, maana nani anabeba maji kwenda kwenye kilio? Wanaokuja kukuhani ndio wanaoleta.

Juu palikuwa patupu. Upande wa kulia mapaa ya vigae, nguo zilizoanikwa, bwawa dogo la kuogelea nyuma ya nyumba ya mtu tajiri. Upande wa kushoto, mpaka upeo wa macho, mabwawa ya chumvi yenye maji ya rangi ya waridi, na marundo meupe ambayo kwa sekunde moja niliyadhania ni theluji ya Cheektowaga iliyosukumwa pembeni ya barabara. Nyenje walipiga kelele bila kupumzika. Jiwe lilichoma kupitia soli ya ndala. Tulitembea mpaka kona ya mbali, karibu na mnara mmoja, na yaya akaniambia alichosikia kwa waongoza watalii. Kwenye mnara mkubwa wa mji huu zamani walifungwa wanawake kwa sababu ya dini yao, Waprotestanti kama sisi, wengine miaka mingi mpaka wakazeekea humo.

"Mawe haya yamezoea," alisema.

Akatandika kitenge, akavua viatu, akaketi, miguu imenyooka mbele kama wanavyokaa wanawake wa msiba. Nikaketi kando yake. Akaweka mikono kichwani, na akaanza.

"Mama weee! Mama yangu weee! Ndo huyu mutoto yako! Ndo huyu wa mwisho, mama, nilimungojea, ndo nimemuleta!"

Sauti yake ilikuwa ileile ya mama. Sikuwa nimejiandaa kwa hilo. Ikapanda, ikavuka mapaa, ikaenda kwenye chumvi. Nami nikafungua kinywa, na hakikutoka kitu. Nikajaribu tena, ikatoka sauti kama ya mtu anayesafisha koo kabla ya kuhubiri. Macho makavu. Niliona aibu kubwa kuliko siku zote za maisha yangu. Yaya alilia, mimi nikabaki kutazama bwawa la kuogelea la tajiri.

Nilijua ni kwa nini. Kule Whitehall, tulikohamia baada ya msiba, kanisa letu lilikuja kunifariji, wanawake saba sebuleni, na kwa ajili ya majirani tulilia tumekandamiza vitenge midomoni. Tulilia kama watu wanaozuia kikohozi kwenye ibada. Buffalo sikulia kabisa, niliimba tu nikiosha vyombo. Kilio nilikuwa nimekimeza vipande vipande kwa miaka mitatu, na sasa nilipokihitaji hakikujua njia ya kurudi.

Yaya hakunigeukia. Aliendelea kumweleza mama. Alimwambia jinsi alivyomwosha, nani alishika miguu, mvua iliyonyesha kaburi likiwa halijafukiwa. Kisha akasema, "Uliniuliza kama wa mwisho amekula, mama. Siku yako ya mwisho uliniuliza, huyu mutoto kule ku baridi, amekula? Nikakuambia amekula, mama. Sikujua! Nilikudanganya, sikujua!"

Sikuwahi kuambiwa hilo. Kitu kikavunjika chini ya mbavu zangu na sauti ikatoka, mbaya, nzito, sikuitambua.

"Nilikula, mama! Nilikula! Na nilikulilia, mama, nilikulilia ku Louisville, nikaanguka chini ku sebule, nikalia na nguvu yangu yote, na polisi bakakuya! Bakagonga mulango, mama! Babili, na bunduki! Bakaniuliza nani ananipiga! Nikasema hakuna mutu, mama yangu amekufa, bakasema tulia, madame, tulia. Bakatafuta ku chumba, bakatafuta ku choo, banatafuta mwanaume mwenye kunipiga, na mume yangu iko ku kazi! Nikaogopa, mama. Nikaogopa batamufunga, batabeba watoto. Nikafunga mudomo. Na simu ilianguka chini ya kiti, ikakatika, yaya hakusikia kilio, anapiga tena, anangoja! Nikasema niko na kazi. Nilidanganya, mama. Sikukuwa na kazi ile siku!"

Nikalia mpaka kichwa kikagusa jiwe la moto. Nikamwambia mama kila kitu, hata mambo madogo yasiyo na maana, kwamba yule polisi kijana alinipa karatasi ya kufutia pua, kwamba mlango walipoufunga nilibaki nimesimama sebuleni kinywa wazi bila sauti mpaka watoto wakarudi. Leo naweza kumshukuru hata yule jirani aliyepiga simu. Alidhani nauawa, na hakukaa kimya. Siku ile nilimlaani.

Nikatambua kwamba ninalia peke yangu. Yaya alikuwa ameacha. Alinitazama, machozi na jasho vimechanganyika kidevuni.

"Polisi?" akauliza.

"Polisi."

"Juu ya kilio?"

"Juu ya kilio."

"Bakatafuta ku choo?"

"Bakafungua hata pazia ya kuogea."

Akafunika mdomo kwa kiganja. Nilidhani anaanza kulia tena, na kweli alianza, lakini ndani yake kulikuwa na kicheko, na vyote viwili vikatoka pamoja mpaka akashika tumbo. Akanivuta kwa shingo, akanibana kifuani kwa nguvu ya mtu anayegeuza magodoro kila siku. "Mama, unamusikia?" alipiga kelele juu ya kichwa changu. "Unamusikia huyu? Alilia, mama! Alilia!" Na sasa tulilia wote wawili, kilio cha kweli, cha kupokezana, na hatukumwogopa mtu.

Ndipo nilipoiona kofia.

Mwanamke wa tiketi alikuwa anakuja juu ya ukuta, haraka, redio mkononi.  Nilikaa wima, nikafuta uso kwa kiganja, nikaanza kutafuta Kifaransa changu cha shule, samahani madame, tunaondoka, hakuna mtu anayetupiga. Nilimshika yaya mkono anyamaze. Hakunyamaza upesi. Mwanamke alifika, akatutazama, vitenge vyeusi, miguu mitupu, nyuso zilizovimba. Aliuliza kwa sauti ndogo, "Ni nani?"

"Mama yetu," yaya akasema.

"Lini?"

Nilihesabu haraka kichwani, miaka mitatu, nikafikiri, sasa atashangaa, atatuona vichaa. Yaya alinitazama mimi kabla ya kumjibu.

"Leo," akasema.

Mwanamke akavua kofia. Alisimama juani kichwa wazi, nywele zimemganda kwa jasho, kwa muda ambao ungetosha kusali sala fupi. Kisha akatoa chupa ya maji kwenye begi lake, iliyokuwa baridi bado, akaiweka kwenye kitenge kati yetu. Akasema atafunga mnyororo kwenye ngazi ili mtu asipande, na kwamba tusifanye haraka. Nilimsikia akiongea kwenye redio huku akienda zake, akimwambia mtu fulani kwamba upande wa kusini umefungwa kwa sasa. Hakusema kwa nini.

Sijui jina lake. Katika maombi yangu namtaja kama mama wa mnyororo, na Mungu anajua ni nani.

Hatukukaa sana baada ya hapo. Kilio kikishatoka, kimetoka. Yaya alifungua chupa, akanimiminia maji mikononi, nami nikammiminia yeye, tukanawa uso, na maji yaliyoanguka kwenye jiwe yalikauka tukiyatazama. Yaliyobaki tulikunywa. Alikunja vitenge kona kwa kona, kazi ikiwa imemkaa mikononi. Chini, kwenye dirisha la tiketi, mwanamke alituinamia kichwa tu, maana kulikuwa na familia mbele yake ikiuliza bei ya watoto.

Nilidhani tunakwenda nyumbani kula. Njaa ilikuwa inaniuma kama mtu aliyefunga wiki nzima. Lakini yaya hakushika kichochoro chake. Alinivuta mkono kuelekea langoni, tukapita tena kwenye ule ubaridi wa hatua kumi, tukatokea nje, kwenye kituo cha basi. Wale wazee wawili walikuwa palepale na kahawa yao.

"Simama hapa," akaniambia.

"Yaya, jua."

"Simama."

Nikasimama pale basi liliponishusha. Alirudi nyuma mpaka kwenye kile kivuli chembamba cha ukuta, mahali palepale. Akafungua kitambaa cheusi, akakivua kichwani, akakiweka mfukoni. Nywele zake zilikuwa zimeota mvi, na mimi sikujua. Akavuta pumzi, akapiga vigelegele, virefu, vikagonga ukuta na kurudi. Wazee wakageuza viti.

"Karibu!" akapaza sauti. "Karibu, mudogo wangu! Umefika!"

Nikakimbia na ndala zangu.